Sungura Amesema, Zimwi Limesema: Wanyama na Mazimwi kutoka Ngano za Singida hadi Katuni za Televisheni

1. Utangulizi

Mnamo Februari 2010 idhaa ya watoto ya BBC iitwayo CBeebies ilianza kuonyesha mfululizo wa katuni za kuchekesha uliopewa jina la Tinga Tinga Tales. Vipindi vyake vilikuwa 52, kila kimoja cha dakika 11 hivi, na vilitengenezwa jijini Nairobi na kampuni ya Homeboyz kwa ushirikiano na kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza. Kila kipindi kilijibu swali moja: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, kwa nini kiboko hana manyoya. Wanyama walisema, walidanganyana, walifedheheshana, na mwisho wa kipindi wakapatana. Baada ya misimu miwili utengenezaji wake ulikoma.

Jina la mfululizo huo na mtindo wa michoro yake vilitoka Tanzania. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama jijini Dar es Salaam kwa rangi za kung'aa juu ya vibao vya mraba. Alifariki mwaka 1972 kwa kupigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, lakini mtindo wake ukaendelezwa na jamaa na wanafunzi wake. Nazo ngano zilizosimuliwa ni za kundi linalofahamika vema kwa wanafunzi wa fasihi simulizi, yaani ngano za usuli, zinazoeleza chanzo cha umbo au tabia ya kiumbe fulani.

Kwa hiyo jina lilitoka Tanzania, mikono iliyochora ilikuwa ya Kenya, na ngano zilikuwa za Afrika. Vitu viwili havikusafiri pamoja na hivyo. Cha kwanza ni lugha, kwa kuwa wanyama hao walinena Kiingereza. Cha pili ni zimwi, kwa kuwa kundi la wahusika wa kudumu wa mfululizo huo lilikuwa la wanyama watupu.

Mhadhara huu unachunguza mambo hayo mawili, yaani sauti ya mnyama na kutokuwapo kwa zimwi, kwa kuyatazama kutoka mkoa wa Singida. Singida haikutengeneza katuni hiyo wala haikutajwa ndani yake. Hata hivyo, ni mahali ambapo mnyama mwenye akili za binadamu aliwahi kuwa suala la uhai na kifo, na mahali ambapo Kiswahili kilifika kikakuta wanyama wanakwisha kusema kwa lugha nyingine nyingi. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili chenyewe kina mpaka kati ya mnyama na zimwi, na kwamba mpaka huo umo katika upatanisho wa kisarufi. Historia ya masimulizi haya, kutoka pembeni mwa moto hadi kwenye kioo cha televisheni, ni historia ya namna mpaka huo ulivyovukwa, ulivyoogopwa, na hatimaye ulivyosahauliwa.

2. Mpaka uliomo katika sarufi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa mapema kwamba majina ya wanyama, hata yawe ya ngeli gani kwa umbo lake, hupatanishwa kama majina ya watu. Kifaru kina kiambishi cha vitu, lakini husemwa kifaru amelala. Simba, fisi na nyoka hayana kiambishi cha watu, lakini husemwa simba ameunguruma, fisi amekimbia, nyoka amejificha. Kwa maneno mengine, kabla ngano haijaanza, sarufi imekwisha kumkaribisha mnyama katika baraza la wenye uhai. Sungura anapofungua kinywa na kusema, msikilizaji hashtuki, kwa kuwa kiambishi a- kilikwisha kumzoesha.

Zimwi limewekwa upande wa pili. Methali isemayo "Zimwi likujualo halikuli likakwisha" inaonyesha jambo hilo waziwazi: ndani ya maneno manne tu kiambishi li- kimejitokeza mara tatu. Ndivyo ilivyo pia kwa jitu. Mtu amekuja, lakini jitu limekuja. Zaidi ya hayo, ngeli hiyo hiyo ina uwezo wa kuzalisha viumbe vya kutisha kutoka katika viumbe vya kawaida. E. O. Ashton, katika kitabu chake cha sarufi kilichochapishwa mwaka 1944, aliieleza ngeli ya ji-/ma- kuwa miongoni mwa njia za Kiswahili za kuonyesha ukubwa. Nyoka akikuzwa huwa joka, na joka halisemwi kwa urahisi kuwa amekuja, husemwa limekuja. Mbwa akikuzwa huwa jibwa. Mabadiliko hayo si ya kimo tu. Pamoja na ukubwa, kiumbe hupoteza nafasi yake barazani. Hutoka katika kundi la a- na kuingia katika kundi la li-, pamoja na jiwe na shimo.

Mpaka huu haujafungwa kabisa. Wasimulizi wengi husema zimwi likaja, likanusa, likameza, kisha zimwi lile lile linapoulizwa jambo na kujibu, husemwa zimwi akasema. Katika vinywa vingine li- hudumu hadi mwisho, na katika vingine a- hutawala tangu mwanzo. Kuyumba huko hakupaswi kuhesabiwa kuwa kosa la kisarufi na kusahihishwa kwa kalamu nyekundu. Ni kifaa cha fanani. Kila anapochagua kiambishi, anaiambia hadhira iwapo kiumbe hicho kinaweza kusemezwa au kinapaswa kukimbiwa. Anayesoma ngano iliyoandikwa na kuhaririwa, ambamo upatanisho umesawazishwa ufanane kuanzia mwanzo hadi mwisho, hukosa sehemu hiyo ya maana.

3. Singida: uwanja wa lugha nyingi

Mkoa wa Singida ulikuwa na watu 1,370,637 kwa sensa ya mwaka 2012. Wanyaturu, ambao pia huitwa Warimi, na Wanyiramba ni makundi makubwa. Upande wa Manyoni wapo Wagogo na Wakimbu. Wapo Wataturu wafugaji, ambao lugha yao ni ya Kiniloti. Na huko Munguli, katika wilaya ya Mkalama iliyogawanywa kutoka Iramba mwaka 2012, wapo Wahadzabe. Lugha ya hao wa mwisho ilikuwa ikihesabiwa pamoja na lugha za Khoisan, lakini wataalamu wengi sasa huiona kuwa lugha pweke. Yakiongezwa maeneo ya jirani ya Mbulu na Kondoa, ambako zimo lugha za Kikushi, eneo hili la Bonde la Ufa linakutanisha makundi yote makuu ya lugha ambayo wanaisimu wa karne ya 20 waliyataja barani Afrika.

Kwa suala linalochunguzwa hapa, utajiri huo si pambo. Kihadza kina seti ya pekee ya majina yanayotumika kumtangaza mnyama mkubwa aliyekwisha kuuawa, tofauti na jina aliloitwa akiwa hai. Lugha hiyo nayo, kwa njia yake, imeweka mpaka ndani ya msamiati wa wanyama, na mpaka huo unapita kati ya mnyama anayekimbia na mnyama aliyelala chini. Hivyo Kiswahili hakikuingia Singida kama lugha ya kwanza kupanga viumbe kwa daraja. Kiliwakuta wenyeji wenye mipango yao.

Kiliingia kwa miguu. Njia kuu ya misafara ya karne ya 19, kutoka pwani kwenda Unyanyembe, ilipita Ugogo na kukata nyika kavu iliyoitwa Mgunda Mkali, ambayo sehemu yake kubwa imo katika eneo la Manyoni na Itigi ya leo. Wapagazi na wafanyabiashara walibeba shanga, nguo na bunduki, na pia walibeba maneno. Mojawapo lilikuwa mshenzi, jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu wa bara waliowaona kuwa hawana ustaarabu wa pwani. Neno hilo linafaa kukumbukwa, kwa sababu litarudi mbele likiwa limevikwa ngozi ya fisi.

Fisi mwenyewe ni mfano mzuri wa namna kicheko na hofu vilivyokaa nyumba moja. Katika ngano, fisi ni mlafi na mjinga ambaye sungura humshinda kila siku. Wakati huohuo, imani kwamba wachawi huwatumia fisi kuwa vipando vyao usiku inajulikana katika sehemu nyingi za Tanzania ya kati. Mtoto aliyecheka upumbavu wa fisi pembeni mwa moto alisikia sauti ya fisi nje ya boma kabla hajalala, na alijua kuwa huenda fisi huyo hakuja peke yake. Kicheko hakikuiondoa hofu. Kilimpa mtoto muda wa kuizoea. Ndiyo maana masimulizi yalikuwa na wakati wake na mlango wake. Jamii nyingi zilikataza kusimulia ngano mchana. Kiitikio kinachojulikana nchini kote, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," ni mlango wa namna hiyo: kinatangaza kwamba kuanzia hapo uongo umeruhusiwa, na kwa kufanya hivyo kinakiri kwamba nje ya mlango uongo huohuo ni hatari.

4. Watu-simba: mpaka ulipovunjika

Hatari hiyo ilionekana Singida katika miaka ya 1920, na tena kwa ukali zaidi katikati ya miaka ya 1940. Watu waliuawa kwa majeraha yaliyofanana na ya makucha ya simba. Ilisemekana kuwa wauaji hawakuwa simba, bali binadamu waliovaa ngozi na makucha ya simba, wakitumwa na watu waliowamiliki. Serikali ya kikoloni ilifanya msako. Watu walikamatwa na kushtakiwa, na wengine wakahukumiwa adhabu ya kifo. A. W. Wyatt aliandika juu ya watu-simba wa Singida katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyewatafiti Wanyaturu na ambaye baadaye alichapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alilirejea suala hilo katika jarida hilohilo kwa nia ya kulitathmini upya. Marguerite Jellicoe naye alichapisha mwaka 1978 kitabu juu ya mabadiliko ya jamii hiyo.

Wanahistoria na wanaanthropolojia wamejishughulisha na swali la nani aliua na kwa nini. Mwanafunzi wa lugha anaweza kuongeza swali jingine: kiumbe huyo aliitwaje, na alipatanishwaje? Nomino ambatano mtu-simba inaunganisha viumbe viwili ambavyo vyote ni vya a-. Hakuna li- ndani yake. Zimwi la ngano linaweza kumeza kijiji kizima, na msikilizaji akalala salama, kwa kuwa kiambishi kimekwisha kuliweka mbali. Mtu-simba hakuwa mbali. Alikuwa jirani, shemeji, au kijana wa nyumba ya tatu. Hofu ya Singida ilikuwa kali kwa sababu kilichoua hakikuwa limekuja, kilikuwa amekuja.

Mahakama nayo ilitegemea kiambishi hichohicho bila kujua. Sheria haiwezi kulishtaki jitu. Humtafuta mtu mwenye jina, mwenye nia, anayeweza kusimama kizimbani na kuulizwa. Ilibidi simulizi la kutisha ligeuzwe kuwa hati ya mashtaka, na katika kugeuzwa huko kila dalili ya li- ilipaswa kuondolewa ili abaki a- wa kuadhibiwa. Iwapo kila aliyeadhibiwa alistahili ni jambo ambalo kumbukumbu za upande mmoja haziwezi kulimaliza. Lakini tukio hilo linafundisha kwamba mpaka kati ya mnyama asemaye na kiumbe cha kutisha si mchezo wa watoto peke yao. Watu waliwahi kufa pande zake zote mbili.

5. Kalamu inapochukua ngano

Wakati hayo yakitokea bara, ngano za Kiswahili zilikuwa zimekwisha kuingia katika maandishi. Edward Steere, mmisionari wa UMCA ambaye baadaye alikuwa askofu, alichapisha mjini London mwaka 1870 mkusanyo wa hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja. Humo mna kisa cha punda wa dobi, chenye kima aliyejiokoa kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha nyumbani, kisa ambacho chimbuko lake ni masimulizi ya Kihindi yaliyofika pwani kupitia Uajemi na Uarabuni. Mna pia hadithi ya Sultani Majinuni, ambamo paka aliyeachiwa kula mifugo akaendelea hadi kula watu, hata akawa nunda. Hadithi hiyo ni somo kamili juu ya hoja ya mhadhara huu: zimwi si kiumbe kutoka nje, ni mnyama wa nyumbani aliyepuuzwa hadi akavuka mpaka.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaunganisha hadithi hiyo, fasihi andishi ya Kiswahili na nyika za Singida. Ni William Hichens, aliyekuwa mtumishi wa utawala wa Kiingereza Afrika Mashariki. Wanafunzi wa Kiswahili wanamjua kwa kuhariri Al-Inkishafi mwaka 1939 na Diwani ya Muyaka bin Haji mwaka 1940. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Hichens huyohuyo alichapisha mwaka 1937, katika jarida la Uingereza liitwalo Discovery, makala juu ya wanyama wa ajabu wa Afrika. Humo alimzungumzia nunda, au mngwa, kana kwamba ni mnyama halisi wa mwituni anayengoja kugunduliwa. Humo pia alidai kwamba alipokuwa akiwinda simba wala watu katika misitu ya Ussure na Simbiti, kando ya mbuga ya Wembere, aliwaona viumbe wawili wadogo wenye manyoya, wakitembea wima.

Si lazima madai hayo yaaminiwe ili yawe na faida kwa mtafiti. Faida yake ni kuonyesha kilichotokea mlango wa ngano ulipoondolewa. Msimulizi wa Unguja alimleta nunda kwa idhini ya "uongo njoo." Kalamu ya ofisa ilimchukua nunda huyohuyo, ikamwacha kiitikio nyuma, ikamweka katika jarida la sayansi. Upande wa pili, katika vitabu vya kusomea shuleni, kalamu ilifanya kinyume chake: iliwachukua wanyama wasemao, ikawaambatanisha na mafunzo ya Esopo, na kumfanya kila mnyama kuwa mwalimu wa adabu. Mbweha wa Esopo akageuka sungura, na sungura mjanja wa ngano, ambaye mara nyingi hakuadhibiwa kwa ujanja wake, akaanza kuandamwa na funzo mwishoni mwa ukurasa. Zimwi likaenda kwa watalii wa mambo ya ajabu, na mnyama akaenda darasani. Tangu hapo wawili hao hawakukaa tena katika kitabu kimoja kwa urahisi.

6. Sauti hewani

Kwa miongo kadhaa baada ya uhuru, watoto wengi wa bara waliipata ngano ya Kiswahili kwa redio. Kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam, ambacho sauti ya Deborah Mwenda ilikipa umaarufu, kilisikika katika nyumba ambazo hazikuwa na kitabu hata kimoja. Redio ilikuwa na jambo moja iliyorithi kutoka kwa moto wa jioni, nalo ni giza. Msikilizaji hakumwona fisi wala zimwi. Alilazimika kuviumba mwenyewe kutokana na sauti. Mtoto wa Singida aliumba fisi wake kutokana na fisi aliowasikia nje ya boma, na mtoto wa Mtwara akaumba wake.

Kwa mtoto aliyezungumza Kinyaturu au Kinyiramba nyumbani, kipindi hicho kilikuwa pia shule ya Kiswahili. Alijifunza a- na li- kutoka katika vinywa vya wanyama na mazimwi kabla mwalimu hajaandika jedwali la ngeli ubaoni. Lakini jambo hilo lilikuwa na gharama yake. Wanyama waliokuwa wakisema Kinyaturu sasa walisema Kiswahili sanifu. Nyimbo za ndani ya ngano, ambazo katika masimulizi mengi hubaki katika lugha ya asili hata ngano yenyewe inapohamia lugha nyingine, ndizo zilizodumu muda mrefu zaidi kama kumbukumbu ya mahali ngano ilipozaliwa. Kiswahili, ambacho leo hulalamikia wanyama wake kunena Kiingereza, nacho kiliwahi kuwanyang'anya wanyama wa wengine sauti yao. Mtafiti asiyekiri hilo hawezi kuieleza historia hii kwa haki.

7. Kioo

Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa nayo hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kwa sadfa, mwaka huohuo kampuni ya Disney ilitoa filamu ya katuni ya The Lion King. Mfalme wake kijana anaitwa Simba, mshauri ni Rafiki, nguruwe pori ni Pumbaa, na mmoja wa fisi watatu anaitwa Shenzi. Kiswahili kilikuwa kimefika katika kumbi za sinema za dunia nzima, lakini kikiwa majina tu. Mnyama aliitwa kwa Kiswahili na akajibu kwa Kiingereza. Nalo lile neno la misafara, ambalo mtu wa pwani alilitumia kumdharau mtu wa bara, likapachikwa kwa fisi, na kutamkwa na watoto duniani wasiojua lilitoka wapi wala lilimuumiza nani. Mwaka 2003 maneno hakuna matata yalisajiliwa nchini Marekani kuwa alama ya biashara ya kampuni hiyo, na mwaka 2018 usajili huo ulizusha malalamiko makubwa Afrika Mashariki.

Tinga Tinga Tales ilikuwa hatua mbele kwa namna kadhaa. Katuni hiyo ilichorwa Afrika Mashariki, ilitoa kazi na mafunzo kwa vijana wa Nairobi, na ilitumia mtindo wa picha wenye mizizi hapa. Lakini kuhusu zimwi ilirudi nyuma kuliko hata wachoraji wenyewe. Katika uchongaji wa Kimakonde na katika picha za George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005, mashetani ni viumbe vyenye masikio makubwa na vinywa vilivyopinda, vinavyochekesha na kutisha kwa wakati mmoja. Wasanii wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kicheko na hofu vinaweza kukaa katika fremu moja. Katuni ilichukua twiga na kobe, ikayaacha mashetani studioni. Sababu si ngumu kuielewa: ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wadogo wa Uingereza na Marekani, na wanunuzi wa vipindi vya namna hiyo hawataki mtoto aogope kabla ya kulala. Ngano ya Singida ilitaka mtoto aogope kidogo, akiwa kati ya watu wake, ili asiogope sana siku atakapokuwa peke yake.

Kwa upande wa lugha, jibu lilitoka Dar es Salaam. Ubongo, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2013, ilitoa katuni ya Ubongo Kids iliyoanza kuonyeshwa na TBC1 mwaka 2014, na baadaye Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na mwenye marafiki wanyama. Humo wanyama wanasema Kiswahili, tena kwa vichekesho vya watoto wa hapa. Tofauti na Tinga Tinga Tales, kazi hizo zimedumu na kuenea katika nchi nyingine za Afrika. Hata hivyo, madhumuni yake ni kufundisha hesabu, sayansi na herufi, na kwa hiyo mnyama wake ni ndugu wa yule wa vitabu vya shule: ni mwalimu. Sauti imerudi. Zimwi bado liko nje.

8. Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, historia ya wanyama wasemao katika Kiswahili haianzii pwani na kumalizikia kwenye kioo. Inapita katika lugha za bara, ambazo zilitoa wahusika, nyimbo na hofu, na mara nyingi hazikutajwa. Ngano zinazokusanywa Singida zinapaswa kuandikwa kwanza katika Kinyaturu, Kinyiramba, Kitaturu na Kihadza, kisha zitafsiriwe, na nyimbo zake ziachwe zilivyo.

Pili, upatanisho wa kisarufi katika ngano unastahili kurekodiwa kama ulivyotamkwa. Mhariri anayesawazisha li- na a- katika ngano ya zimwi anafuta uamuzi wa fanani, na pengine ndio uamuzi mkubwa kuliko wote katika simulizi hilo. Kazi hii inaweza kuanza hata kesho, kwa mwanafunzi mwenye kinasa sauti na subira.

Tatu, maisha mafupi ya Tinga Tinga Tales yasichukuliwe kuwa kushindwa. Katuni hiyo ilionyesha kwamba mikono ya Afrika Mashariki inaweza kuwatembeza wanyama wa Tingatinga, na hilo lilipokwisha kuonekana, swali la lugha halikuweza kuepukwa tena. Swali lililobaki ni la zimwi. Singida inajua, kuliko mikoa mingi, kinachotokea hofu inapokosa ngano ya kuibeba: huanza kumtafuta mtu wa kumbandika. Katuni ya Kiswahili itakayothubutu kumleta zimwi barazani, lianze kwa li-, na kabla ya mwisho watoto walisikie likisema kwa a-, itakuwa imefanya kazi ambayo moto wa jioni ulikuwa ukiifanya bila kioo.